Taa ya Bandani kwa Bi Mwanjaa

Hebu funga mlango huo, wewe uliye karibu nao, kisha rudi ukae. Hadithi hii siisimulii mlango ukiwa wazi. Nimekuja na mzigo ulionishinda kuutua peke yangu, na leo mtanipokea, wakubwa kwa wadogo. Atakayesinzia ndiye nitakayemuuliza kwanza.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na chake. Wa kwanza alikuwa na kitu cha kukamata jua. Wa pili alikuwa na kitu cha kulitunza hilo jua likishakamatwa, hata giza likiingia liwepo. Wa tatu hakuwa na kitu, ila alikuwa na mikono iliyojua kuvioanisha hivyo viwili vikatoa mwanga. Ukimwondoa mmoja, waliobaki ni watu wawili waliokaa gizani. Lishikeni hilo, maana mbele mtalihitaji.

Lakini hadithi yenyewe ni ya mama aliyewaahidi wote watatu kwa kinywa kimoja. Aliitwa Bi Mwanjaa, mjane mwenye ulimi mkali, na moyo ambao haukuwa mkali hata kidogo, ila hakutaka watu wajue. Aliishi mlimani, upande ule ambao ukungu hushuka asubuhi ukasahau kuondoka. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na ua, na mwisho wa ua palikuwa na banda la mabanzi lililoezekwa bati. Nyuma ya banda ilikuwapo migomba, na nyuma ya migomba ulikuwapo msitu.

Bandani alikaa Kibibi, ng'ombe wake wa pekee, na alikuwa na mimba kubwa. Maziwa ya Kibibi ndiyo yaliyompa Bi Mwanjaa chai, mboga, na kiburi cha kutomwomba mtu. Kibibi akifa, angebaki kubisha hodi kwa majirani, na majirani wenyewe alikwisha kuwagombeza wote. Kwa hiyo alilala akimsikiliza ng'ombe anavyopumua, na asubuhi jambo la kwanza lilikuwa kwenda kumgusa.

Sababu ya hofu hiyo ilikuwa Mgeni. Kule mlimani chui hakuitwa chui, kwa kuwa walisema ukimtaja hudhani umemwita. Mgeni alianza na mbuzi wa watu wa chini. Akaja akamchukua mbwa wa Bi Mwanjaa, akauacha mnyororo umenyooka mahali pake. Mwaka uliotangulia alimchukua ndama wa Kibibi, na kilichomtia Bi Mwanjaa baridi si damu, maana damu hakuiona. Ni ubanzi mmoja wa ukuta wa nyuma, uliosogezwa pembeni taratibu, kama mlango unavyosogezwa na mtu asiyetaka kuamsha wenyeji.

Watasema wajuaji, si angewasha taa ya chemli? Jirani mmoja aliwasha. Alitundika chemli yake bandani, ng'ombe akapiga teke, nyasi kavu zikashika, na kulipokucha hapakuwa na banda wala ng'ombe. Mgeni alikuja akala nyama iliyokwisha kuiva, hakutoka hata jasho. Tangu hapo hakuna mtu kijijini aliyepeleka moto bandani. Ilitakiwa taa isiyo na moto, na nguzo za umeme wa serikali ziliishia chini kabisa, barabarani.

Siku moja, mbele ya majirani waliokuja kumsaidia kukata nyasi, Bi Mwanjaa aliweka kiganja chake mgongoni mwa Kibibi akasema, "Atakayemzuia Mgeni asiingie humu mpaka huyu azae, ndama ni wake." Majirani wakaacha kukata. Kule kwao neno la namna hiyo, likisemwa kiganja kikiwa juu ya mnyama, halirudishwi. Ndama wa ahadi hauzwi, hagawanywi, na hana wenyewe wawili. Na lazima akabidhiwe mwenyewe siku kitovu chake kinapokauka, kamba mkononi, la sivyo watu huamini kwamba ndama na mama yake hawavuki wiki. Bi Mwanjaa aliyajua yote hayo, akasema hivyo hivyo, kwa kuwa hofu ilikuwa imemzidi.

Wa kwanza kulisikia alikuwa Mhina, mwanawe wa mwisho, aliyekuwa akikaa bondeni na mke na watoto. Huko bondeni kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa cha kuazima au cha kupanga, ila kitu kimoja: paneli ya sola juu ya paa lake. Aliishusha. Mkewe alimwuliza watoto watasomea nini, naye akamjibu kwamba mama ni mmoja. Gari halikuweza kupanda njia ile kwa utelezi, basi akaifunga paneli kwenye blanketi akaibeba mgongoni. Kwenye kona ya mwisho aliteleza. Angeweza kuiachia ajiokoe, lakini alijigeuza akaanguka yeye chini na kioo juu, bega lake likatoka mahali pake. Akafika uani kwa mama yake akiwa amesawijika usoni, na paneli bila hata mkwaruzo.

Mhina alitaka nini? Alitaka ndama. Alikuwa mtoto wa mwanamume asiye na unyayo wa mnyama wake hata mmoja duniani, na ndama kutoka kwa ng'ombe wa mama yake angekuwa mwanzo wa mji wake. Alilisema hilo waziwazi, akiwa amekaa mbele ya mganga wa viungo aliyekuwa akimrudishia bega.

Wa pili alikuwa Singano, mume wa binti yake Bi Mwanjaa, dereva wa bajaji huko barabarani. Aliichomoa betri ya bajaji yake akaipandisha mlimani kichwani, na bajaji ikabaki chini ya mti, kuku wakilalia kiti cha abiria. Tangu siku hiyo kazi yake ikawa kubeba mizigo ya watu kwa miguu. Lakini nyumbani kwake walikuwa wamezaliwa mapacha, na maziwa ya mama yao hayakuwatosha, walikuwa wakilia mpaka sauti zinakauka. Singano alitaka ndama akue, azae, akamuliwe kwake. Na yeye pia hakuficha.

Sasa hapa kuna jambo, msikilize vizuri. Kule kwao mkwe mwanamume haingii uani kwa mama mkwe wake, wala hawatazamani, wala hawasemezani. Siku ya harusi hupandwa mgomba ukingoni mwa ua. Mkwe akiwa na neno, husimama upande wa pili wa mgomba huo, akaliambia jani, na mtu wa tatu ndiye hulichukua na kulifikisha. Mama mkwe hata akisikia, hujifanya hakusikia. Kulirudia neno la mkwe kwa kinywa chake mwenyewe ni aibu ya kuvua kanga mbele ya watu.

Singano alifika, akaitua betri ng'ambo ya mgomba, akaugeuzia uso wake.

"Mgomba," alisema, "mwambie mwenye mji betri ndiyo hii. Na mwambie atakayeifunga asidanganywe na rangi. Alama zimeliwa na asidi, na nyaya ziliwahi kukatika, nikaweka nilizokuwa nazo, rangi zikapishana. Kwenye betri hii mweusi ndio chanya."

Bi Mwanjaa alikuwa akichambua mboga hatua chache kutoka pale. Alisikia neno kwa neno. Akatazama huku na huku kumtafuta mtu wa tatu, na mtu wa tatu hakuwapo, maana Mhina alikuwa kwa mganga na Hoza, nitakayemfikia sasa hivi, alikuwa juu ya paa la banda. Singano akateremka zake, akiamini neno limefika.

Wa tatu alikuwa Hoza huyo. Alikuwa mkazamwana wa Bi Mwanjaa, mke wa mwanawe wa kwanza aliyefariki. Marehemu alikuwa fundi wa redio na sola, na kwa kuwa macho yake yaliharibika mapema, mikono iliyokuwa ikifanya kazi ile kwa miaka ilikuwa ya mkewe. Sasa mume hayupo, na ndugu zake Hoza walikwisha kutuma ujumbe. Walisema mjane asiye na kitu chake kinachopumua katika mji wa mume hana la kumkalisha pale, basi siku yoyote wangekuja kumchukua. Hoza hakutaka kuondoka. Kaburi la mumewe lilikuwa pale pale, upande wa juu wa shamba, na alikuwa akilipalilia. Kwake ndama yule alikuwa ruhusa ya kubaki.

Hoza alipanda juu ya bati, akaielekeza paneli kaskazini na kuilaza kidogo ili maji ya mvua yateremke na vumbi. Akaifunga kwa waya wa kufungia uzio, akateremsha nyaya zake ndani, akapigilia kidhibiti ukutani, kale kasanduku kanakozuia betri isijazwe kupita kiasi. Akatundika balbu moja juu ya Kibibi na nyingine ukuta wa nyuma. Betri akaiweka kwenye kreti, mbali na mkojo wa ng'ombe. Bi Mwanjaa alimtazama akifanya yote hayo na neno la mgomba limemkaa kooni. Alikohoa tu. Alijiambia kwamba fundi atajionea mwenyewe.

Jua lilikuwa linazama. Hoza alishika waya mwekundu wa betri akauunganisha na mwekundu wa kidhibiti, kama fundi yeyote angefanya.

Ulitoka mlio mmoja mfupi, na moshi, na harufu ya plastiki iliyoungua. Waya ukashika moto mkononi mwake, ganda lake likayeyuka na kugandia kiganjani. Hakupiga kelele. Aliubandua kwa mkono wa pili, na ngozi ikaondoka nao. Kisha wote wawili wakasikia kitu kingine nje, kwenye migomba: sauti ya msumeno unaokata gogo, unakwenda na kurudi, na hapakuwa na mtu aliyekuwa anapasua mbao jioni ile. Ndivyo anavyonguruma Mgeni. Kibibi akajibana kwenye kona, akatetemeka mpaka ukuta ukatikisika.

Hapo Bi Mwanjaa akavua aibu yake. "Mweusi ndio chanya," alisema. "Mkwe aliuambia mgomba. Nilisikia."

Hoza alimtazama muda mrefu kuliko ilivyofaa wakati ule. "Ulikuwa unajua, Mama?"

"Nilikuwa najua."

Hoza alitafuta fyuzi nyingine, badala ya ile iliyoungua, kwenye kopo la marehemu, akaichomeka kwa meno na vidole vizima, akageuza nyaya. Akabonyeza swichi. Mwanga mweupe ukajaa bandani, ukapenya kwenye nafasi za mabanzi na kuchora mistari uani. Msumeno ukanyamaza. Walisubiri wamsikie anaondoka, lakini hawakusikia kitu.

Basi taa ikawa inawaka kila jioni, na majirani walikuwa wakija kuiona na kusifu. Bi Mwanjaa aliwajibu kwa maneno ya kawaida yake, kwamba kama wamekuja kuota mwanga waje na fagio wafagie. Lakini kulikuwa na jambo alilokuwa akilificha. Kila asubuhi alikuta nyayo. Hazikuwa za kupita, zilikuwa za kukaa: mahali pale pale mwanga wa taa unapoishia, udongo ulikuwa umelaliwa. Mgeni alikuwa akija, anajilaza ukingoni mwa mwanga, anasubiri. Bi Mwanjaa alizifuta nyayo zile kwa kandambili yake kabla Hoza hajaamka.

Ukaja msimu wa ukungu. Siku zikapita bila kuliona jua wazi, na taa ikawa inaanza nyeupe na kuishia rangi ya chai. Mwanga ukasinyaa. Na pale mwanga uliposogea nyuma, nyayo nazo zilisogea. Asubuhi moja Bi Mwanjaa alikuta mahali palipolaliwa pakiwa karibu na ukuta kiasi kwamba angeweza kunyoosha mkono kutoka ndani akapagusa. Safari hii hakufuta. Alimwita Hoza akamwonyesha, na Hoza akapanda juu ya bati na mkono wake uliofungwa kitambaa.

Alichokiona juu kilikuwa kivuli. Mgomba wa harusi ulikuwa umerefuka, na jani lake moja lilikuwa likilala juu ya kona ya paneli saa zile chache ambazo jua lilijitokeza. Kivuli cha jani moja kinatosha kuifanya paneli nzima izembee. Hoza akasema mgomba ukatwe, kisha akajutia neno lake, maana alijua mgomba ule ni wa kazi gani. Bi Mwanjaa akaenda ndani akaleta panga, akaukata mwenyewe. Singano alipokuja na maji ya betri akakuta shina tupu, akageuka mgongo upesi na kuvuta kofia mpaka puani, na mama mkwe wake akajifunika kanga gubigubi, wakawa wamesimama hivyo kama watu waliokosana na upepo. Kuanzia siku ile walisemezana kwa kupeana migongo. Kijiji kilicheka, na wenyewe hawakucheka.

Taa ikapata nafuu kidogo. Ukungu haukuondoka.

Siku ya siku ilikuja mchana. Mhina alikuwa bondeni, Singano alikuwa chini barabarani na mizigo ya watu, Hoza alikuwa amekwenda zahanati kubadilisha kitambaa cha kiganja. Ukungu ulishuka mzito mpaka kuku wakapanda kulala. Bi Mwanjaa aliingia bandani kumpa Kibibi maji, akamkuta amelala chini na uchungu umeanza. Akavuta mlango nyuma yake, akabonyeza swichi. Taa ziliwaka, lakini zilikuwa za manjano tangu mwanzo.

Miguu ya mbele ya ndama ilikuwa imetokeza, ikakwama. Bi Mwanjaa alipiga magoti kwenye majani, akaishika kwa mikono yote miwili, akaanza kuvuta kila Kibibi alipojikaza. Ndipo aliposikia msumeno. Ulikata gogo mara kadhaa karibu sana, kisha ukaacha. Nyuma ya ukuta kitu kilishusha pumzi.

Ubanzi ukasogea.

Ulisogea kidogo, kwa utaratibu ule ule wa mwaka uliopita, na katika upenyo ule ukaingia mguu mpana wenye madoa, ukajilaza juu ya nyasi. Mwanga wa balbu ya nyuma uliuangukia. Mguu ukarudi nje. Taa ikafifia, mguu ukaingia tena. Taa ikapata nguvu kidogo, ukatoka. Bi Mwanjaa hakuweza kuinuka, maana angeiachia miguu ya ndama angewapoteza wote wawili, na hakuweza kupiga kelele, maana Kibibi angekurupuka. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Alitazama uzi mwekundu ndani ya balbu na kujikuta akitaja majina kwa sauti ya chini, "Mhina, Singano, Hoza, Mhina, Singano, Hoza," akivuta kwa kila jina.

Taa haikuzimika. Ilifika mahali pa kuzimika, ikakaa hapo hapo. Ndama akatoka na kuangukia mapajani mwake, akiwa moto na ameloa, na karibu wakati huo huo ukungu ulipasuka juu ya paa, jua likagusa bati, na balbu zikageuka nyeupe. Alipotazama ule upenyo, hapakuwa na mguu. Palikuwa na nyasi zilizolazwa.

Ndama alikuwa jike.

Kulipotulia, Bi Mwanjaa alijiuliza ni nani hasa aliyekuwa amemzuia Mgeni wakati ule taa ilipokaa ukingoni. Je, ni paneli, iliyolamba jua kidogo ndani ya ukungu ambamo macho ya mtu hayakuona jua? Je, ni betri, iliyotoa mabaki ya mwisho ya siku zilizopita? Au ni viungo vya nyaya, vilivyofungwa na mkono ulioungua, ambavyo vingelegea kidogo tu basi kila kitu kingekwisha? Alikuwa amekaa chini ya taa ile akiitazama, na hata yeye hajui.

Kitovu kikaanza kukauka, na wote watatu wakaitwa. Kila mmoja alisema lake mbele ya majirani wale wale walioshuhudia ahadi.

Mhina alisema, "Mama, bila jua hakuna taa. Nililibeba mgongoni, na bega hili halitanyanyua jembe tena sawasawa. Kwangu ni giza. Juzi mke wangu alikanyaga nyoka mlangoni, akapona kwa bahati. Kama ndama si wangu sitakasirika, ila paneli itarudi juu ya paa la watoto wangu."

Singano, akiwa nje ya ua na mgongo amewageuzia, alisema, "Mwenye mji anisikie. Jua huzama, na kila lilipozama aliyebaki kazini ni betri yangu. Neno la waya nililisema mahali pa kulisemea. Wanangu wanalia njaa, na bajaji yangu inalaliwa na kuku. Kama ndama si wangu, betri itarudi kwenye bajaji."

Hoza alionyesha kiganja chake. Kovu lilikuwa bichi, na vidole viwili vilikuwa vimejikunja, havinyooki. "Mimi sina cha kung'oa," alisema. "Nilichokitoa kimebaki humo ndani ya viungo. Kama ndama si wangu, ndugu zangu wako njiani, nami nitakwenda nao. Lakini waya hulegea, Mama. Siku utakapolegea, nani ataupandia?" Hakuutaja mgomba wala lile neno lililochelewa. Bi Mwanjaa alitamani angelitaja, maana kunyamaza kwake kuliuma zaidi.

Najua mmoja wenu amekwisha kufungua mdomo kusema wagawane. Ndama wa ahadi hagawanywi. Mwingine atasema wasubiri azae wa pili, na mwingine azae wa tatu. Waambie mapacha wasubiri, au mwambie nyoka wa Mhina. Mwenye huruma atasema apewe Hoza kwa sababu ya mkono, na Mhina atauliza kama bega si kiungo. Mwenye akili ya fundi atasema kazi ni ya aliyeunganisha, na Singano atauliza aliunganisha nini na nini. Nami nimewasikiliza wote kwa miaka, na kila mmoja akimaliza kusema naona amesema kweli.

Basi tazama. Kitovu kimekauka leo. Bi Mwanjaa amesimama katikati ya ua, kamba ya ndama mkononi, na majirani wamemzunguka. Mhina ameegemea ngazi iliyofika juu ya bati, mguu mmoja ameshauweka kwenye kipago cha kwanza. Singano amenyoosha mkono kwa nyuma bila kugeuka, unasubiri kuwekewa kamba au kuwekewa betri. Hoza ameketi kwenye kizingiti cha banda, kifurushi chake magotini. Wawili kati ya hao wataondoka, na kila atakayeondoka ataondoka na kipande cha mwanga. Bandani kuna ng'ombe na ndama wake, na ule ubanzi wa nyuma haujapigiliwa msumari. Jua limekwisha kugusa mlima, na huko kwenye migomba msumeno umeanza kukata gogo.

Mimi siwezi. Kamba nimekupa wewe, ishike. Utamkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, niambie usiku huu utawasha nini.